Ufa Niliouziba

Mwanangu Zuhura,

Salamu za mtu aliye chumba cha pili hazina haja ya kuwa ndefu. Mimi mzima wa mwili, na wewe nakusikia hapo ukumbini ukicheka na shangazi zako mkifunga mizigo, kwa hivyo najua nawe u mzima. Tuyaache hayo.

Nimejifungia humu stoo, katikati ya magunia ya mchele na sufuria zilizobaki za harusi, nimewaambia kichwa chaniuma. Hakiniumi. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zetu za chuoni, kwa kuwa ndizo nilizofunzwa, na hati yangu ni mbaya, wewe mwenyewe huniambia ni kuku aliyekanyaga wino. Utaisoma hivyo hivyo. Sitakwambia habari za kupika wala kumwamsha mume alfajiri, maana hayo umeyajua zamani na mengine wanishinda.

Juzi Jumatatu ulinisomea barua ya mumeo Hamid, aliyetangulia baada ya nikaha. Nyumba aliyopewa kazini kwake huko Nairobi ni nzuri, mfereji uko ndani, ila bomba latona na ukuta wa choo umeingia unyevu. Fundi wa mifereji kapata kazi nyingi, hawezi kuja ila baada ya wiki mbili. Kuna binamu yake, mtu wa mikono myepesi, hutengeneza baiskeli, milango, viti, chochote, naye asema kazi hiyo ni ya nusu siku. Hamid yuko njia panda, ataka shauri lako. Ukaniuliza, nawe wacheka, "Mama, wasemaje? Fundi wa mifereji au fundi wa yote?" Nikainuka nikaenda zangu jikoni, nikaiacha chai yangu inapoa. Ukawaambia shangazi zako, "Mama ana huzuni ya kuachwa." Huzuni ninayo, lakini haikuwa hiyo iliyoniinua.

Jibu langu ndilo hili ninaloandika. Na ndani yake mna jambo zito kuliko bomba, bora nilitoe sasa kabla sijaingiwa na woga. Mjomba wako Kombo yuko Makupa, mgonjwa wa kifua, na aliyeniletea habari haoni kama atamaliza juma. Amekutaja wewe kwa jina. Ataka kukuona kabla hujasafiri. Habari hii niko nayo tangu Jumapili, na leo ni Jumatano. Nimekula nayo, nimelala nayo, nimekusuka nywele nikiwa nayo, na sikukwambia. Ukienda kwake, huenda akakwambia niliyoyafanya. Au asikwambie, akafa nayo kwa ajili yangu. Sijui lipi kati ya hayo mawili linaniogopesha zaidi.

Najua umekunja uso. Miaka saba hujalitamka jina lake. Ukimwona kwa mbali hapa mtaani Kuze wataka kuvuka upande wa pili, na vichochoro vyetu vilivyo havina upande wa pili, basi hugeuka ukarudi ulikotoka. Watu walikusifu, wakasema mtoto huyu ana uchungu wa babake. Mimi nilinyamaza wakikusifu. Uchungu huo niliupanda mimi, mwanangu, na mbegu yake ilikuwa mbovu.

Kombo alifiwa na mamake siku aliyozaliwa. Mamangu alikuwa na mimi kifuani, mtoto wa miezi mitatu, akamchukua naye akatunyonyesha sote wawili. Ndiyo maana ni ndugu yangu kwa sheria ya dini kama aliyetoka tumbo moja nami, na ndiyo maana ukimtoa babako, yeye ndiye mwanamume pekee aliyepanda ngazi ya nyumba hii bila ya sisi kukimbilia mitandio. Kazi yake ilikuwa chokaa. Kupiga lipu, kupaka, kuziba nyufa. Lakini mikono yake haikutulia, akawa atengeneza na bawaba za milango, na vitasa, na mwavuli wa babako, na mtoto wa bandia wako aliyevunjika shingo. Katika mtaa kila nyumba ilikuwa na fundi wake wa namna hiyo, mtu wa ndani, na kumwita mwengine ni kumvunjia uso.

Mfereji ulikuwa fahari ya babako. Karani wa forodha, kila siku ashinda na mizigo ya watu wengine, akataka na yeye awe na kitu. Siku ulipotiwa juu chooni aliufungulia akauacha mpaka birika likafurika, akacheka, akasema, "Dija, basi tena kumngoja mchukuzi wa maji." Wanawake wa mtaa mzima walikuja kuutazama. Bomba lilipitishwa ndani ya ukuta, katikati ya mawe, ili lisionekane, na mimi nilifurahi kwa kuwa halikuonekana.

Wakati wa vita, wewe una miaka kumi, ukuta wa chumba cha chini ulianza kubadilika rangi. Kwanza baka moja, kadiri ya sinia. Kisha chumvi nyeupe ikachomoza juu yake, ukiigusa yaanguka unga. Babako alikuwa na kazi usiku na mchana bandarini ikawa hana nafasi hata ya kunyoa. Akaniambia, "Mambo ya nyumba ni yako. Ila kuna fundi wa mifereji Tononoka, Mrabai, aitwa Yohana, wakubwa wa bandari wenyewe wamtumia. Nitamwambia apite." Mwanangu, babako alimtaja Yohana yeye mwenyewe, siku ya kwanza, kabla ya mtu mwengine yeyote. Hilo sikuwahi kulisema mbele ya mtu.

Yohana akaja asubuhi, na begi lake la vyuma, nguo safi, akakaa barazani. Nikampelekea kahawa kwa mkono wako, nikasimama nyuma ya mlango nikisema naye. Hakuinywa. Alikwenda akaweka kiganja chake ukutani, upande wa nje, akakiacha pale muda mrefu, kama umpimavyo mtoto homa.

"Mama, ukuta huu unakunywa," akasema.

"Wanywaje? Ni baka tu la ndani."

"Baka ni mwisho wake. Mwanzo uko juu. Nahitaji kupanda hapo chooni, nipasue ukuta bomba linapopita, nitazame na vichwa vya boriti za dari kama vimeoza. Maji yatafungwa siku tatu, labda nne. Mabomba siku hizi ya kubahatisha."

Nikamwambia nitamjulisha. Akainuka, akasema kwa adabu, "Msingoje sana, mama," akaenda. Nami nikabaki pale nyuma ya mlango na moyo umenipanda kwa hasira. Apande wapi? Choo chenyewe kiko juu, ndani, penye kamba ya nguo zetu za ndani, penye kitanda cha bibi yako mgonjwa. Mwanamume wa njiani, si wa dini yetu, siku nne akipanda na kushuka na kupasua, na jirani wakisikia nyundo waulize nyumba ya karani imeugua nini. Hayo ndiyo yaliyonijaa kichwani. Sikufikiri hata mara moja juu ya boriti. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikatuma aitwe Kombo.

Haya, hapa ndipo penye hadithi usiyoijua, na mkono wangu wakataa kuandika. Shangazi yako keshagonga mlango mara mbili ataka bizari, nimempitishia kwenye upenyo wa mlango na makopo yote. Afadhali. Nilipata kisingizio cha kuiweka kalamu.

Kombo alipanda juu, akashuka chini, akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko wake huku ametega sikio. Akanigeukia.

"Dija, hii si kazi yangu."

Nikadhani afanya mzaha. "Si kazi yako vipi? Si chokaa hii?"

"Chokaa ni juu. Maji yako ndani. Mimi nikipaka hapa nitayafungia maji njia, na maji hayakosi pa kwenda. Mwite fundi wa mifereji. Kuna mmoja Tononoka..."

"Yohana. Keshakuja. Nimemrudisha."

"Kwa nini?"

Nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, mpole kama kawaida yake, kisha akasema, "Tutie pazia. Mimi nitakaa naye juu muda wote. Mkihama nyumba kwa siku nne mkaenda kwa mamdogo, vizuri zaidi." Alikuwa na jawabu la kila kitu nilichokitaja. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nilikuwa nimeshamrudisha mtu, nimeshajipandisha, sasa huyu wa kwangu mwenyewe ananiambia nishuke.

Nikamwambia, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Mamangu alikupa ziwa lake ili leo uniletee mwanamume apime choo changu? Kama huwezi, sema huwezi, na ukitoka humu usirudi. Nitajua sina ndugu."

Mtu aliyelelewa kwa ziwa la mwengine, Zuhura, deni hilo hulibeba kila siku, nami nililijua, ndiyo maana nililishika hapo hapo. Akavua kanzu akaanza kazi.

Alichofanya ni kile walichokifanya mafundi wetu kwa kila kilichovuja. Alitoboa kidogo pale juu akalifikia bomba, akalizungushia pamba iliyolowa sifa, mafuta ya papa, kama mabaharia wazibavyo kwa kalafati mianya ya mbao za chombo, akakaza kwa kamba, akafunika. Kisha chini akapaka chokaa mikono mitatu, mmoja juu ya mwengine, na wa mwisho akausugua kwa jiwe mpaka ukuta ukang'ara. Ulikuwa mzuri kuliko ulipokuwa mpya. Nilimwita Bi Rehema wa nyumba ya pili aje auone. Kombo alikuwa ananawa mikono, akanambia kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, "Dija, nimefunika, sikutengeneza. Ukiyaona maji tena, au hata usipoyaona, mwite yule mtu." Nikamwambia inshallah, vile tusemavyo inshallah tukiwa hatuna nia.

Umefunzwa chuoni na shuleni na barazani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba. Wakati mwengine ule ufa ndio unaokuokoa, kwa sababu ndio unaokuonyesha. Baka likaondoka, nami nikaacha kufikiri.

Miezi minne tuliishi na ukuta ule mzuri. Kile chumba cha chini kikawa na ubaridi mwema, joto la Machi limekaba mji mzima na humo ndani wajifunika shuka. Babako alikisifu. Akahamisha kitanda chake cha mchana akakileta humo. Akija kutoka kazini alijitupa pale akasema, "Aa, hapa pepo." Ubaridi ule ulikuwa maji, mwanangu. Yalikuwa yanashuka juu ya kichwa chake ndani ya mawe, yanafuata boriti moja baada ya moja, na mimi nampepea huku nikimshukuru Mungu kwa chumba kizuri.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Alitoka msikitini, akala, akaenda kulala. Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Sikusikia kishindo kikubwa kama watu wanavyosimulia. Nilisikia kama gunia limeshushwa, kisha vumbi likaja mpaka jikoni, jeupe, likanituama mikononi. Nikajua. Sijui nilijuaje, lakini nilijua hata kabla sijainuka, nikaita jina la Kombo badala ya jina la babako.

Kombo alikuwa akifanya kazi nyumba ya nne. Alikuja mbio na ndiye aliyechimba. Kwa mikono, mawe na boriti na chokaa iliyolowa, kucha zikamtoka mbili. Ndiye aliyemtoa babako, ndiye aliyemfunga kidevu. Boriti zile zilikuwa laini. Nilimwona akiishika moja akaibinya, ikatoka maji kama sifongo, akaiweka chini polepole asije mtu akaiona.

Nyumba ikajaa. Bibi yako, mamake babako, aliteremshwa na watu kutoka juu akauliza, "Nani aliyetengeneza humu?" Watu wote wakanitazama mimi. Nami nikasema, "Kombo."

Neno moja, tena la kweli, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo. Nilichotakiwa kusema ni: Kombo alikataa, nikamlazimisha. Marehemu alimtaja fundi wa mifereji, nikamrudisha. Nikamwona Bi Rehema, nikamwona mawifi zangu, na babako amelala pale chini ya shuka, nikasema neno lile moja tu nikalia. Wakakamilisha wenyewe yaliyobaki.

Na hapo ndipo ulipoingia wewe kutoka chuoni, msahafu kifuani, umewapenya watu. Ulisikia minong'ono kabla ya kuambiwa kitu. Ukamwendea Kombo, amesimama ukutani na damu vidoleni, ukamwambia, "Mjomba, umemuua babangu?" Uliuliza, mwanangu. Watu hukumbuka kama ulisema, lakini mimi nakumbuka uliuliza. Naye alinitazama mimi juu ya kichwa chako. Alinitazama na akangoja. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile tazamo, halina lawama, ni la mtu anayengoja zamu ya mwenziwe kusema. Nikajifunika uso kwa leso. Nilipofunua alikuwa ameshaokota mwiko wake ametoka, nawe umekaa chini walia.

Baadaye nilijiambia nitasema siku za eda yangu zikipungua. Kisha nikajiambia ukikua. Kisha ukawa wanipenda mimi peke yangu duniani, baba huna, mjomba huna, ukilala washika ncha ya nguo yangu. Nikasema nikimwambia, mkono huu utaachia. Nilikuogopa, Zuhura. Mama kumuogopa mtoto wa miaka kumi ni jambo la aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na hata sasa nakuogopa.

Nikiwa edani, bomba likiwa bado lavuja na waashi wamekataa kujenga dari mpya kabla halijatengenezwa, aliitwa Yohana. Wakanitundikia pazia, shuka mbili zimeshonwa pamoja, nikakaa nyuma yake na bibi yako. Akapanda, akashuka. Kila afikapo ngazi akohoa ili tujue apita. Siku mbili akamaliza, na mtaani hapana aliyesema neno. Nilikaa nyuma ya shuka zile nikamsikiliza akikohoa, nikaona kitu nilichokikataa kilikuwa kinahitaji shuka mbili na sindano. Nilitaka kupiga kelele.

Kombo hakuna aliyempa kazi tena. Nani atamwita fundi aliyeua shemeji yake? Alihamia Makupa akafanya kazi kwenye tanuu la chokaa, kuchoma mawe, na moshi wake ndio uliomla kifua. Miaka saba hakumwambia mtu. Angeweza. Yohana alikuwa shahidi wake, maana alijua nilimrudisha. Yohana mwenyewe ndiye aliyemzuru huko, ndiye aliyemletea uji, na ndiye aliyekuja Jumapili akasimama barazani pale pale.

"Mama, ndugu yako hana siku nyingi," alisema. "Amesikia binti anasafiri. Anasema hataki neno lolote, ataka kumwona tu uso alivyokua."

Nikamshukuru. Nikampa kahawa, safari hii akainywa. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Siku ya nikaha alikuja. Alisimama nje kwenye pembe ya msikiti mpaka aliposikia vigelegele, kisha nikamrudisha kwa mkokoteni." Mjomba wako, Zuhura, aliyestahili kukaa mbele na kilemba cha mjomba kichwani, alisikiliza harusi yako pembeni kama mpita njia. Nami nilikuwa ndani nagawa halua.

Unamwuliza mtu kama mimi kuhusu bomba la Hamid.

Sina wasia wa kukupa. Naandika ukurasa baada ya ukurasa na kila nikitaka kusema "mwanangu fanya hivi" naona kichekesho. Hili tu ninalijua kwa sababu nimelinunua ghali. Binamu wa Hamid huenda akawa fundi mzuri kabisa. Muulize mwenyewe, mkiwa peke yenu, bila ya watu kumtazama na bila ya kumkumbusha undugu, kama kazi hiyo aiweza. Akisema haiwezi, mwamini papo hapo, mshukuru, na umngoje yule wa wiki mbili hata kama mtaoga kwa ndoo. Mtu wa kwako anayekwambia "hii si kazi yangu" amekupa kitu kikubwa, usimnyang'anye. Mimi nilipewa nikakitupa, kisha nikamtupa na aliyenipa.

Wala usiogope ukuta kupasuliwa. Niliogopa aibu ya siku nne, nikaingia katika hii ya miaka saba ambayo haina mtu wa kuufunga mfereji wake. Kuna siku nikiwa peke yangu huingia chumba kile, dari mpya, chokaa mpya, nikaweka kiganja ukutani kama alivyofanya Yohana. Ni mkavu. Naweka hata hivyo. Sijui natafuta nini pale.

Sasa nikwambie nililolikusudia jana, ujue mama yako ni mtu gani. Nilikusudia barua hii niishone ndani ya mto wako wa safari. Uje uione huko Nairobi, siku nyingi zimepita, Kombo kazikwa, nami sikuoni uso unavyobadilika. Nilishatoa na uzi. Nikaukata uzi, nikatia katika sindano, nikakaa nao. Ndipo nikaona nitafanya lile lile, chokaa mikono mitatu na kusugua kwa jiwe. Nikaurudisha uzi kikapuni.

Treni ni kesho saa kumi. Sasa hivi jua bado liko juu, nimesikia adhana ya alasiri punde. Makupa kwa gari la mkokoteni ni nusu saa, kwa miguu ni saa moja na kidogo. Shangazi zako watasema bibi harusi hatoki kwenda kwa mgonjwa mkesha wa safari, watasema ni nuksi, watauliza kuna nini, kwa nini leo. Nitawajibu. Nitawaambia wote hapo ukumbini kwa sauti, kabla hatujavuka kizingiti, kwamba dari ile niliiangusha mimi na Kombo alinikataza. Nataka waisikie kwa mdomo wangu wewe ukiwa umesimama hapo.

Sikuombi unisamehe, na kama utaniomba nisiandamane nawe nitaelewa. Nitatembea nyuma, hatua ishirini, kama hutaki watu wajue tu pamoja. Unaweza kupanda treni kesho bila ya kunipa mkono. Haya yote ni haki yako na sitakuwa na la kusema. Ila yule mtu usimfanyie hivyo. Hakuna alichokukosea. Alikutengenezea mtoto wa bandia, akamchimba babako kwa kucha zake, akanyamaza ili usinichukie. Mwite mjomba. Hata kama hutaweza kusema jengine lolote, neno hilo moja mpe akiwa bado asikia.

Namaliza. Nalifungua komeo, nakuja ukumbini, nitakupa karatasi hizi mkononi mbele yao. Usiziweke. Zisome umesimama.

Buibui langu nimeshalivaa.

Mamako,
Khadija